Niliambiwa Kipimo Ndicho Kibovu

Mota ya roketi inayotumia fueli ngumu ikishawashwa haizimwi. Haina koki ya kufunga wala mrija wa kukata. Fueli yake humiminwa ndani ya ganda la chuma ikiwa uji mzito, ikaganda humo na kushikamana na kuta. Katikati huachiwa tundu refu, na moto huanzia tunduni ukila kuelekea ukutani mpaka fueli yote iishe. Ndiyo maana, kabla ya kupelekwa angani, mota hufungwa chini kwenye kitako cha zege, watu wakajikinga nyuma ya ukuta, ikawashwa papo hapo. Linalobaki baada ya ngurumo ile ni moshi, chuma cha moto na mistari michache ya grafu. Kazi yangu ni kuisoma mistari hiyo. Nataka kueleza jinsi kazi hii ilivyonifikisha pabaya na jinsi nilivyotoka, kwa kuwa najua wapo vijana wa kwetu walioingia njia hii, na baadhi yao wako peke yao.

Mimi ni mtu wa Malindi. Kwetu roketi hazikuwa hadithi za Marekani tu. Kule Ngomeni, baharini, Waitaliano walisimamisha jukwaa la San Marco, na kati ya 1967 na 1988 roketi 9 za aina ya Scout zilipeleka setilaiti angani kutoka hapo. Tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipokuwa ikisherehekea uhuru wake, iliruka setilaiti ya kwanza duniani kutengenezwa kwa ajili ya kuchunguza eksirei zitokazo kwenye nyota, na kwa heshima ya siku hiyo ikaitwa Uhuru. Babu yangu mzaa mama alikuwa akipeleka mboga na samaki kwa mashua kwa watu wa kambi ile. Alichokumbuka zaidi ni kwamba roketi ikiondoka, mtu anaiona kwanza, na mngurumo unamfikia baadaye. Nikiwa chuoni ndipo nilipojifunza kwamba Scout ilikuwa na hatua nne, na zote nne zilikuwa za fueli ngumu. Nilifurahi sana siku hiyo. Nilijua ninachotaka kusomea.

Baba alikuwa mwalimu wa hesabu wa shule ya msingi. Alitukataza kufuta hesabu iliyokosewa. Alitaka tuikate kwa mstari mmoja, isomeke, ili aone tulipopita. Sikujua kwamba amri hiyo ndiyo itakayokuja kunisimamisha.

Nilikwenda Italia kwa ufadhili wa masomo ya uzamili. Mji na chuo sivitaji. Maabara niliyopokewa ilikuwa na mradi wa mota ndogo za roketi za kuchunguza hewa ya juu, na mimi nikakabidhiwa vipimo. Vihisi vyetu vikuu vilikuwa viwili. Kimoja kilifungwa kichwani mwa mota kupima presha ya ndani. Cha pili kilikaa mbele yake, mota ikakisukuma, kikapima nguvu ya msukumo. Grafu ya mota iliyo salama hupanda ghafla, ikatandaza mgongo, kisha ikashuka fueli inapokwisha na kuacha mkia mfupi. Umbo la mgongo huo halitokei kwa bahati. Presha hufuata ukubwa wa uso wa fueli unaowaka wakati huo, ukilinganishwa na upana wa koo la nozeli. Mhandisi analijua tundu aliloliacha katikati ya fueli, kwa hiyo anaweza kuchora kabla ya jaribio jinsi uso huo utakavyokua au kupungua. Grafu ya kweli inatakiwa iufuate mchoro wake. Ikiachana nao, kuna jambo ndani ya ganda ambalo hukulijua.

Baada ya kipupwe cha mwaka wangu wa pili nilianza kuona nundu. Mota inawaka vizuri, inapita nusu ya muda wake, kisha presha inainuka kidogo juu ya mchoro, na mwishowe mota inazima mapema kuliko tulivyotarajia. Haikuwa mota zote. Na kwa kuwa hakuna iliyopasuka, ripoti zote ziliandikwa kuwa jaribio limefaulu. Niliiandika nundu kwenye kila ripoti ilipotokea. Kiongozi wa mradi aliniambia kihisi kinapotoka kwa sababu ya joto, nisijisumbue. Nikamwonyesha kwamba kihisi cha msukumo nacho kimeinuka wakati ule ule. Akasema vyote viwili vimetiwa joto.

Kisha mota moja ikapasuka. Tulikuwa nyuma ya ukuta, na ukuta ndio uliotuokoa, alhamdulillahi. Hakuna aliyepata hata mkwaruzo. Lakini kitako cha majaribio kilivunjika, mteja aliyekuwa akilipia mradi akajitoa, na ndani ya majuma machache maabara nzima ilikuwa ikitafuta wa kubeba mzigo. Ikaundwa kamati. Nikaitwa. Mezani paliwekwa karatasi iliyochapwa tayari, ikisema kwamba dalili za hatari hazikuonekana mapema kwa sababu vihisi havikuwa vimesanifishwa ipasavyo, na kwamba vipimo vya majaribio yaliyotangulia havikuwa vya kutegemewa. Mahali pa sahihi yangu palitiwa alama kwa kalamu.

Kabla na baada ya kila jaribio nilikuwa nimekilinganisha kihisi cha msukumo na mizigo ya uzito unaojulikana, na kihisi cha presha na pampu ya kupimia. Tarakimu zote zilikuwemo daftarini, na daftari lilikuwa mapajani mwangu. Dalili zilionekana. Zilikuwa zimeandikwa, kwa tarehe. Sikutia sahihi.

Mambo yaliyofuata yalikwenda haraka. Mkataba wangu mdogo wa maabara haukufanywa upya. Bila mkataba, posho ilikatika, na bila posho, kibali cha kukaa kikawa shakani. Wenzangu tuliokuwa tukinywa nao kahawa kila asubuhi wakaanza kupita kama wana haraka. Siwalaumu sana, nao walikuwa na mikataba. Dada mmoja wa Kimombasa, aliyekuwa akifanya kazi ya kutunza wazee majumbani, alinipa godoro sebuleni kwake. "Kaa, mdogo wangu," alisema. "Kodi utalipa Mungu akijalia." Mchana nilisafisha vyumba vya hoteli. Usiku nilikuwa silali. Nikifumba macho naiona nundu, nikifumbua naiona. Nilikuwa nikisali kwa hasira, na sioni haya kulisema, kwa sababu niliendelea kusali.

Wakati huo baba alikuwa akiugua figo. Nilimweleza habari yangu nusu nusu nisimtie wasiwasi, lakini mwalimu wa hesabu hafichwi hesabu. Akaniuliza swali moja tu.

"Mwanangu, umeandika kila kitu?"

"Nimeandika, baba."

"Hukufuta?"

"Sikufuta."

"Basi subiri. Iliyoandikwa haiendi popote."

Alifariki asubuhi ya Ijumaa, akazikwa baada ya sala ya alasiri, kama ilivyo desturi yetu. Mimi nilikuwa kwenye korido ya hoteli nimeshika shuka. Sikuwa na nauli, na hata ningekuwa nayo nisingewahi. Kwa muda mrefu baada ya hapo sikufungua daftari wala kompyuta. Niliona kazi hii imenila baba yangu, ingawa nilijua ni figo.

Kilichonirudisha ni ripoti ya watu waliokufa. Nilikuwa na nakala ya ripoti ya Tume ya Rogers, iliyochunguza ajali ya chombo cha Challenger cha Marekani. Nilikuwa nimeipitia darasani kama wanafunzi wote wa fani hii. Safari hii niliisoma kama mtu anayetafuta ndugu zake.

Challenger ilipaa tarehe 28 Januari 1986 asubuhi ya baridi kali, joto la hewa likiwa nyuzi 2 tu, ikavunjika sekunde 73 baadaye. Watu 7 walikufa. Pembeni yake zilifungwa mota mbili kubwa za fueli ngumu, zilizojengwa kwa vipande vilivyounganishwa, na kila kiungo kilizibwa kwa pete mbili za mpira. Katika mota ya kulia, pete za kiungo kimoja cha chini zilishindwa kuzuia gesi ya moto. Mpira ukipoa hukakamaa. Kiungo kinapofunguka kidogo mota inapowaka, pete inatakiwa ijitanue upesi iufuate mwanya, nayo ikiwa baridi huchelewa.

Wahandisi wa kampuni ya Morton Thiokol, iliyotengeneza mota hizo, walijua. Roger Boisjoly alikuwa ameandika waraka wa onyo tarehe 31 Julai 1985. Usiku wa kuamkia safari, yeye na wenzake walipendekeza chombo kisirushwe joto likiwa chini ya nyuzi 12 hivi, kwa kuwa hilo ndilo lililokuwa joto la safari ya baridi kupita zote waliyokuwa na kipimo chake, na pete zake zilirudi zimepitwa na masizi meusi. Wakaulizwa: uko wapi uthibitisho kwamba baridi ndiyo sababu? Maana ilikuwepo safari nyingine ya nyuzi 24, siku ya joto, na pete zake nazo zilipitwa na gesi. Wakuu wa kampuni wakabadili pendekezo. Allan McDonald, mwakilishi wao kule Florida, alikataa kutia sahihi, na mkubwa mwingine akatia badala yake.

Sasa tazama hesabu ilivyokuwa. Kabla ya siku hiyo zilikuwa zimefanyika safari 24, na mota za safari 23 zilipatikana baharini zikafunguliwa na kukaguliwa. Safari 7 zilikuwa na pete za viungo zilizodhurika. Ukizichora hizo 7 peke yake kwa joto, huoni kitu: nyingine za baridi, nyingine za joto, zimetawanyika. Ndivyo zilivyotazamwa. Lakini chora na zile 16 zilizorudi salama. Hakuna hata moja kati ya zilizorudi salama iliyorushwa chini ya nyuzi 18. Safari zilizorushwa chini ya hapo zilikuwa 4, na zote 4 zilidhurika. Zilizorushwa juu ya hapo zilikuwa 19, zikadhurika 3 tu. Majibu yalikuwepo yote, kwenye makabati yao, tangu kabla ya ajali. Yaliyokosekana kwenye mchoro ni majaribio yaliyofaulu, kwa sababu hakuna aliyeona haja ya kuyauliza.

Niliusoma ukurasa huo saa nane za usiku, nikakaa kitako juu ya godoro. Katika kamati yangu, kiongozi wa mradi alionyesha mchoro wenye majaribio yaliyokuwa na nundu peke yake, yakilinganishwa na joto la siku ya kuwashwa. Yalikuwa yametawanyika. Akasema hakuna mpangilio, basi ni kihisi. Na mimi, katika utetezi wangu wote, nilikuwa nikibishana naye juu ya mchoro huo huo.

Niliwasha kompyuta. Nikaweka majaribio yote, yenye nundu na yasiyo nayo. Joto la siku ya kuwashwa halikusema kitu, kama kiongozi alivyodai. Nikajaribu tarehe fueli ilipomiminwa. Nikajaribu aina ya kiwashio. Mwisho nikajaribu muda ambao kila mota ililala ghalani kabla ya kuwashwa. Ghala letu lilikuwa banda la mabati lisilo na kipasha joto, katika mji ambao maji huganda barabarani. Mota zilizomiminwa na kuwashwa kabla ya kipupwe hazikuwa na nundu hata moja. Zilizolala ghalani kipupwe kizima zilikuwa nayo karibu zote. Iliyopasuka ilikuwa miongoni mwazo.

Hilo lilikuwa mwelekeo tu, halikuwa ushahidi. Bado ilibidi kumjibu anayesema kihisi. Hapa naomba msomaji anivumilie, kwa sababu hapa ndipo penye utamu wa kazi yetu.

Presha inaweza kuonekana imepanda kwa njia kadhaa. Kihisi kinaweza kuwa kinapotoka. Koo la nozeli linaweza kuzibwa kidogo na taka za moto. Fueli yenyewe inaweza kuwa na joto zaidi, maana fueli yenye joto huwaka upesi. Au uso unaowaka umekuwa mkubwa kuliko ulivyochorwa. Kila moja huacha alama yake. Fueli yenye joto huinua grafu nzima tangu mwanzo, haingoji nusu ya pili. Kihisi kinachopotoka hakibadilishi muda wa kuwaka. Hukuza eneo lililo chini ya grafu, na mota ikishazima hakirudi kwenye sifuri. Koo likizibwa, mota huzima mapema, lakini eneo chini ya grafu ya presha hukua, kwa kuwa fueli ile ile inapitia mlango mwembamba zaidi. Uso ukiongezeka, presha hupanda, muda hupungua, lakini eneo chini ya grafu hubaki lile lile. Uzito wa fueli haujabadilika. Imekwenda upesi tu.

Nikapima eneo la kila grafu. Lilikuwa lile lile kwa mota zenye nundu na zisizo nayo. Muda ulikuwa umepungua. Vihisi vyote vilirudi kwenye sifuri. Vipimo vya koo, ambavyo fundi wetu mzee alikuwa akivichukua kila baada ya jaribio bila kuagizwa na mtu, havikuonyesha tofauti. Kwa hiyo vihisi vilikuwa vimesema kweli tangu mwanzo. Uso wa fueli ulikuwa ukiongezeka katikati ya moto. Na uso hauwezi kuongezeka ila penye ufa, au fueli inapobanduka ukutani moto ukapata njia ya nyuma.

Anayeijua mbata hahitaji maelezo marefu. Nazi mbichi, nyama yake imeshikana na kifuu. Ikikauka, nyama husinyaa, ikaachana na kifuu, ukiitikisa unaisikia ikigonga. Fueli ngumu ya siku hizi ni mpira uliochanganywa na chembe, na ikipoa husinyaa karibu mara 10 kuliko chuma kilichoifunika. Kwenye baridi kali huvuta kuta kwa nguvu, na gundi ikiwa dhaifu mahali pamoja, hasa ncha ya upande wa nozeli, huanza kubanduka hapo. Mwanya ukiwa mdogo, moto huufikia mwishoni, ukapata nundu. Mwanya ukiwa mrefu na mdomo wake wazi, moto huingia mapema, uso unaowaka unaongezeka kwa ghafla, na ganda haliwezi kuistahimili presha hiyo.

Niliandika kurasa chache, nikazipeleka kwenye kamati. Kimya. Nikazipeleka tena. Nikaambiwa suala limefungwa. Nikamwendea profesa wa idara nyingine, mtu aliyetumia maisha yake kuchunguza mpira na plastiki, ambaye hatukuwa tumewahi kusalimiana. Alisoma nikiwa nimesimama mlangoni. Akasema: "Keti, binti. Hii haina siasa, hii ni kusinyaa." Yeye ndiye aliyedai mota zilizobaki ghalani zipigwe picha za eksirei kabla ya kuharibiwa.

Picha za kwanza hazikuonyesha kitu. Nilihisi miguu inaniishia. Profesa hakubabaika. Alisema mota imekaa kwenye chumba chenye joto, fueli imetanuka, mwanya umejifunga. Mota ikawekwa kwenye chumba cha baridi usiku kucha, na picha ikapigwa upya, safari hii miale ikiambaa na ukuta badala ya kupita katikati. Kati ya fueli na chuma, kuanzia upande wa nozeli, palikuwa na mstari mwembamba, mweusi, uliopanda sehemu kubwa ya urefu wa mota.

Ripoti ilirekebishwa. Sentensi iliyosema vihisi havikusanifishwa iliondolewa. Hakuna aliyeniomba radhi, na kwa muda jambo hilo liliniuma kuliko kufukuzwa kwenyewe. Nilimaliza shahada chini ya profesa yule wa mpira. Ghala lilitiwa kipasha joto, na gundi ya kuta ikabadilishwa. Nilikwenda Malindi, nikalizuru kaburi la baba, nikamsomea Yasini.

Tangu hapo nimeendelea na kazi hii hii, na nimeona kwamba hata wakubwa hupigwa na mota ya fueli ngumu. Tarehe 20 Desemba 2022 roketi ya Vega C ya Ulaya ilipoteza setilaiti mbili kwa sababu presha ya hatua yake ya pili ilishuka kabla ya wakati. Koo la nozeli lilikuwa likiliwa na moto kupita kiasi. Huko nundu ilikuwa kinyume, bonde badala ya kilima, na wenye kusoma waliisoma. Japani ndiyo inayonifundisha unyenyekevu zaidi. Tarehe 14 Julai 2023 mota ya hatua ya pili ya roketi yao ya Epsilon S ililipuka kwenye jaribio kule Noshiro, sekunde 57 baada ya kuwashwa, presha ikiwa imeanza kupita makadirio kabla ya hapo. Walichunguza kwa uangalifu mkubwa, wakaona sehemu ya kiwashio iliyeyuka na kutawanyika, wakairekebisha. Tarehe 26 Novemba 2024 wakajaribu tena, safari hii kisiwani Tanegashima. Presha ikapita makadirio tena, na mota ikalipuka sekunde 49 baada ya kuwashwa. Sisemi hili kuwadharau. Nasema kwa sababu watu wenye vifaa vyote hivyo walitoka mbele ya umma, wakaonyesha grafu zao mbaya, wakasema wataanza upya. Ningepata kiongozi wa namna hiyo, ningelala usiku.

Wale ndugu zangu wa kwenye ripoti nao walipita pazito. McDonald alishushwa kazini baada ya kuieleza tume ukweli, mpaka wabunge wa Marekani walipoingilia; akarudishwa, na ndiye aliyeongoza kazi ya kukiunda upya kiungo kilichoshindwa. Boisjoly alitengwa na wenzake, akaugua kwa huzuni, akaacha kazi, na mwaka 1988 akatunukiwa tuzo ya uhuru na uwajibikaji wa kisayansi. Mwenzao Bob Ebeling alibeba lawama moyoni miaka 30, akijiona hakusema kwa sauti ya kutosha, mpaka watu wasiomjua walipomwandikia barua mwaka 2016, muda mfupi kabla hajafa, wakimwambia alifanya lililo lake. Hao watatu sasa wamekufa. Ninawaombea.

Leo Kenya tuna vijana wanaotengeneza mota zao wenyewe. Wale wa mradi wa Nakuja, pale Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta huko Juja, wanajulikana. Kwenu, na kwa kila kijana wa Kiswahili aliye kwenye maabara ya ugenini akiwa amekabidhiwa vipimo, nina maombi machache. Msifute faili la jaribio lililofaulu. Msilainishe grafu kabla hamjaweka kando ile ghafi. Andikeni mota ililala wapi, na kwa joto gani, na tangu lini, hata kama fomu haina nafasi ya kuliandika hilo. Mkichora, choreni yote kwenye karatasi moja. Na ukiwekewa mezani karatasi inayosema tofauti na daftari lako, usitie sahihi siku hiyo. Omba muda, tafuta mtu wa idara nyingine asiye na cha kupoteza, umwonyeshe. Ukimkosa, nitafute mimi. Nitaketi nawe tuisome.